Usiuze haki zote za riwaya yako kwa dola 200

Mdogo wangu, usitie sahihi. Umeandika kwamba umemaliza riwaya ya mapenzi ya sura 22, na kwamba mchapishaji mmoja wa hapa Lubumbashi atakupa dola 200 taslimu siku ya Alhamisi ukimwachia "haki zote". Katikati ya maswali yako kuhusu waandishi wa kusoma, saa za kuandika na lugha ya kutumia, jambo hilo umelitaja kwa mstari mmoja tu, kama habari njema iliyokwisha kupita. Nimeusoma mstari huo mara tatu na moyo ukanienda mbio, kwa maana ndivyo nilivyokuwa mimi mwaka 2013.

Mwaka huo nilikuwa nikishona nguo Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, mchana na kuandika usiku, kwa tochi umeme ulipokatika, mpaka nikajaza madaftari tisa. Mhusika wangu aliitwa Bijou, muuza mikate wa soko la Kenya, mtaa mwingine wa hapa mjini, aliyependwa na dereva wa lori la Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Mchapishaji alinipa dola 150 na karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa. Mstari wa nne ulisema kwamba namwachia kazi hiyo "pamoja na wahusika wake, kwa namna zote, kwa nchi zote na kwa muda wote", na chini yake nikaandika jina langu kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni.

Fedha ile ililipa kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Kitabu kilichapishwa, kikaisha, kikachapishwa tena, nami sikupata hata faranga moja. Siku moja, ndani ya basi, nikasikia redioni mwanamke akimwambia mpenzi wake maneno niliyoyaandika usiku ule mtoto wangu alipokuwa na homa: "Ukichelewa Kasumbalesa, mkate wako nitamwuzia mwingine, lakini moyo wangu utaukuta pale pale." Mama aliyeketi kando yangu akasema kwamba huyo anajua kupenda. Nilishuka kabla ya kufika kwangu, nikatembea.

Hata hilo ningelimeza. Kilichonivunja ni sehemu ya pili ya kitabu. Wasomaji walikuwa wakinisimamisha barabarani kutaka kujua kama Bijou ameolewa, nami nikaandika madaftari mengine manne, nikayapeleka ofisini, nikaambiwa kwamba Bijou si wangu na kwamba kazi hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine. Mtu huyo akamwoza Bijou kwa tajiri wa mjini kabla ya ukurasa wa kumi, na dereva hakutajwa tena. Sheria yetu ya Kongo ya haki za mwandishi, ya tarehe 5 Aprili 1986, niliyoisoma kwa kuchelewa, humlinda mwandishi asinyang'anywe jina lake katika kazi yake, lakini mapato ya kazi hiyo huweza kuuzwa, na mimi niliyauza kwa mkono wangu.

Yule mchapishaji alifanya biashara yake. Hasira yangu iko kwa kaka mmoja, mwandishi anayeheshimiwa mjini, niliyempelekea karatasi ile kabla ya kuitia sahihi. Hakuigusa hata kidogo. Aliniambia: "Mwandishi mchanga hasomi mkataba, anashukuru." Miaka baadaye nikajua kwamba yeye mwenyewe vitabu vyake huvitoa kwa miaka mitano mitano, tena kwa mkataba wa kurasa sita.

Umeuliza umsome nani. Msome Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, na usome pia jinsi alivyouza. Mwaka 1803 aliuza mswada kwa pauni 10. Mnunuzi akaufungia bila kuuchapisha, na haukurudi mpaka kaka yake alipoukomboa mwaka 1816 kwa pauni zile zile 10. Mwaka 1812 Austen akauza haki za riwaya yake Pride and Prejudice kwa pauni 110, ingawa alitaka 150. Kitabu kikatoka mwaka 1813, toleo la pili likafuata mwaka huo huo, na faida yote ikawa ya mchapishaji. Baadaye, mchapishaji mwingine alipotaka kumpa pauni 450 kwa haki za riwaya zake tatu, alikataa.

Basi uza kitu kimoja, kwa miaka iliyohesabiwa. Karatasi iseme kwamba ni kitabu cha kuchapwa tu, kwa miaka mitano, nakala ngapi, na mrabaha wako ni kiasi gani kwa kila nakala inayouzwa. Mimi sasa sikubali chini ya asilimia 10 ya bei. Redio, filamu, tafsiri na wahusika vibaki kwako, na hilo liandikwe waziwazi, kwa sababu jambo lisiloandikwa utakuja kugombania baadaye bila ushahidi.

Alhamisi usiende peke yako. Omba nakala ya mkataba, uipeleke nyumbani, uisome neno kwa neno pamoja na mtu anayekielewa Kifaransa cha mahakamani. Mchapishaji akisema kwamba nafasi itapita, iache ipite. Ukiipata karatasi kabla ya siku hiyo, ipige picha unitumie hata usiku. Huwa nipo macho na cherehani yangu mpaka saa tano.