Starlet ya 1993 na nanasi lililopita sikioni kwangu

Juzi kijana mmoja kanitumia ujumbe: "Shikamoo dada. Nimepata Starlet kwa bei nzuri, Desemba nataka niende nayo Mwanza. Itafika?"

Marahaba, mdogo wangu. Gari litafika. Hukuniuliza wewe utafikaje.

Yangu ni ya 1993. Haina mfuko wa hewa hata mmoja, haina ABS (breki zinazozuia tairi kugoma), na mlango ukiugonga kwa kidole unalia kama debe. Shemeji yangu huiita kopo la maziwa. Alisema hivyo mbele ya wageni kwenye kipaimara cha mwanangu, na sijasahau. Yeye ana Prado. Sawa.

Mwaka mmoja nilichelewa kutoka maonyesho ya Nanenane Morogoro, narudi Dar. Chalinze nikanunua mananasi, na kwa kuwa buti ilishajaa, nikayapanga kwenye kibao cha nyuma ya siti, chini ya kioo. Napita mizani ya Vigwaza, giza limeshaingia. Basi likaja mbele na taa kali, nikapunguza mwendo hadi kama 60, lakini kwa kweli nilikuwa naendesha kwa kukisia. Lilipopita tu nikaona matawi yametandazwa kwenye lami.

Kila dereva anajua maana ya matawi. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili, tairi zikagoma kuzunguka, gari likateleza tu mpaka boneti ikaingia chini ya tela la lori bovu. Bampa haikugusa kitu. Kilichogusa ni kioo cha mbele. Ukingo wa bodi ulisimama karibu na uso wangu hadi nikanusa kutu. Ndipo nanasi likapita pembeni ya sikio langu na kupasukia kwenye dashibodi. Lingenipata kisogoni, leo usingesoma haya.

Alama ya mkanda nilikaa nayo kifuani wiki tatu. Nauheshimu mkanda ule kuliko baadhi ya ndugu.

Fundi alipokagua tairi alinionyesha tarakimu nne ubavuni: 2309. Maana yake ilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2009. Mimi nilikuwa nimeuziwa kama "mpya kidogo" na duka moja mjini, kashata za tairi zikiwa nzuri kabisa, kumbe mpira ulishakuwa mgumu kama kwato.

Sasa nisikilize. Mwenye gari zito anaweza kukosea akabaki na bati la kumsitiri, wewe huna. Punguza mwendo. Kutoka 50 kwenda 100, nguvu ya kishindo haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, na gari lako lina boneti fupi ya kuipokea. Kaa mbali na tela la mbele. Akikuchomekea mtu, mwachie, rudi nyuma tena. Tena! Vijana mnaona aibu kupitwa na bodaboda. Aibu ya nini? Punguza mwendo, nimeshasema.

Usiku usisafiri. Mimi tangu SGR ianze 2024, Morogoro naenda kwa treni na Starlet inabaki nyumbani imefunikwa turubai. Shemeji anacheka hilo pia.

Kutoka Dar, Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo lala njiani, na kabla hujalipa hilo gari nitumie picha ya ubavu wa tairi zote, na ya akiba. Mananasi weka buti.