Barua kwa mwanangu: Kuznetsov ni wa nani?

Usangi, Upare

Mwanangu,

Salaam kutoka mlimani. Mvua za mwaka huu zimetukubali, mama yako ni mzima, na yule ng'ombe aliyekuwa akichechemea amepona. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mhadhiri anayekusimamia hapo Moscow ni Kuznetsov, mama anayewaandikisha bwenini ni Kuznetsova, na daktari wa meno uliyekwenda kwake wiki iliyopita naye ni Kuznetsov. Ukaniuliza kama hao ni ukoo mmoja kama sisi Washana, na kwa nini mmoja wao ana "a" mwishoni. Kisha ukaongeza kwamba mwenzako darasani amekwambia jina hilo maana yake ni mhunzi, nawe ukadhani anakutania kwa sababu ulikwisha kumweleza kwamba jina letu, Mshana, nalo ni la wahunzi.

Hakukutania. Kuznets kwa Kirusi ni mhunzi, mfua chuma. Hiyo "-ov" ya mwishoni inajibu swali la "wa nani?" Mtoto akipita njiani kijijini, watu wanaulizana, huyu wa nani? Wa mhunzi. Basi anakuwa Kuznetsov. Akiwa wa kike anakuwa Kuznetsova, kwa sababu katika lugha yao neno la kumilikisha hufuata jinsia ya mwenye kutajwa. Kwa hiyo kaka na dada wa tumbo moja hutofautiana kwa herufi hiyo moja, na mama wa bwenini si lazima awe mke wa mtu yeyote hapo chuoni.

Mimi nililijua hilo Novemba 1982, na nakumbuka vizuri kwa sababu ndio mwezi aliofariki Brezhnev, kiongozi wa Sovieti. Nilikuwa nina wiki chache tu Chuo Kikuu cha Lumumba, kwenye ule mwaka wa lugha tuliouita podfak. Mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyekuwa na subira ya ajabu, alimtaka kila mmoja aeleze maana ya jina lake la ukoo kwa Kirusi. Nilihangaika. Nikachora fuawe, nyundo na koleo ubaoni, nikaonyesha kwa mikono jinsi babu yako alivyokuwa akivukuta mivukuto. Akacheka kwa furaha, akasema, "Kuznets! Basi wewe ni Kuznetsov." Tangu siku hiyo hadi mwisho wa mwaka aliniita hivyo darasani. Nilikuwa mbali na nyumbani, theluji ya kwanza ya maisha yangu iko dirishani, na mtu akaniita kwa jina la baba zangu katika lugha ya kwao. Sikusahau.

Alinisahihisha jambo moja. Mimi nilikuwa nikilitamka kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyotamka Kiswahili. Wao hukaza ile ya mwisho, KuznetsOV. Nawe jichunge.

Sasa lile la ukoo mmoja. Hapa ndipo sisi na wao tunapoachana njia, na ningependa ulielewe vizuri. Kwetu Mshana ni damu. Ukikutana na Mshana Dar es Salaam au Arusha, mnaulizana mnatoka upande gani wa mlima, na baada ya dakika tano mmeshapata babu wa pamoja. Uhunzi kwetu ulikuwa mali ya ukoo mmoja. Mababu zetu ndio waliozoa mchanga mweusi mitoni, wakauyeyusha, wakafua majembe na mikuki iliyonunuliwa hadi Uchagani, na ndio waliotawala Ugweno kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapindua. Mtu wa ukoo mwingine hakuamka asubuhi akasema leo nitakuwa mhunzi.

Urusi uhunzi ulikuwa kazi, haukuwa ukoo. Karibu kila kijiji kilihitaji mtu wa kupiga kwato za farasi chuma, kunoa mundu na kutengeneza jembe, na aghalabu kilikuwa naye mmoja. Vijiji elfu, wahunzi elfu, wasiojuana wala kuhusiana. Wakulima walikuwa wengi kuliko wote, lakini nani amwite jirani yake Mkulima wakati kila mtu analima? Jina linalokaa ni lile linalomtenga mtu na wenzake. Ndiyo maana Kuznetsov, lililotoka kwa mtu mmoja wa pekee katika kila kijiji, limekuwa miongoni mwa majina yaliyoenea kuliko yote nchini humo, likifuatana na Ivanov na Smirnov. Kwa njia hiyo hiyo kuna Melnikov wa msaga nafaka, Goncharov wa mfinyanzi, Plotnikov wa seremala na Popov wa kasisi. Ukienda kusini na magharibi, kuelekea Ukraine, mhunzi anaitwa koval, na huko utakutana na Kovalyov na Kovalenko. Ni watoto wa fuawe ile ile.

Tena wengi wa hao wahunzi hawakuwa na jina la ukoo lililoandikwa popote kwa muda mrefu. Mabwana walikuwa nayo. Wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana waliitwa kwa jina lao na la baba yao tu, na ni baada ya kuachiliwa huru mwaka 1861, makarani walipoanza kuwaorodhesha kwa kodi, jeshi na hati za kusafiria, ndipo mamilioni wakaandikwa majina ya ukoo. Kijana ambaye babu yake alikuwa mhunzi akawa Kuznetsov wa kudumu, hata kama yeye mwenyewe hajawahi kushika nyundo.

Kwa kuwa jina ni la wengi namna hii, kinachowatenganisha ni jina la baba, lile wanaloita otchestvo. Sisi Waislamu tunalifahamu bila kufundishwa, ni bin na binti. Nikolai Gerasimovich ni Nikolai bin Gerasim. Usimwite mhadhiri wako "Kuznetsov" mdomoni, ni utovu wa adabu. Mwite jina lake na la baba yake, hata kama ulimi unachoka.

Nimemtaja Nikolai makusudi. Wako akina Nikolai Kuznetsov wanne ambao nisingependa uwachanganye.

Wa kwanza ni huyo bin Gerasim, admirali. Alizaliwa mwaka 1904 kwenye kijiji cha upande wa Arkhangelsk, akajiongezea miaka miwili ili apokelewe jeshi la wanamaji akiwa kijana mdogo. Akiwa na miaka 34 tu alikabidhiwa wanamaji wote wa Sovieti. Usiku wa kuamkia 22 Juni 1941, wakati wakubwa wengi walikuwa wanaogopa kumkasirisha Stalin kwa kuonekana wanajiandaa na vita, yeye aliamuru meli na ngome zote za pwani zikae tayari. Ndege za Wajerumani zilipofika Sevastopol kabla ya alfajiri zilikuta mizinga inazisubiri, na katika shambulio lile la kwanza wanamaji hawakupoteza meli ya kivita hata moja. Na malipo yake? Alishushwa cheo mwaka 1948, akarudishwa, akashushwa tena mwaka 1956 baada ya meli ya Novorossiysk kulipuka bandarini Sevastopol na kuua mabaharia zaidi ya 600. Alifariki mwaka 1974 akiwa na cheo cha chini kuliko alichostahili. Walimrudishia Julai 1988, mwaka niliomaliza masomo, na nilisoma habari hiyo gazetini nikiwa nafunga masanduku. Nilisikitika sana. Kuna heshima ambayo mtu alipaswa kuisikia kwa masikio yake. Leo meli kubwa ya kubeba ndege ya Urusi inaitwa kwa jina lake.

Wa pili ni bin Ivan, jasusi, mtoto wa Ural. Alizaliwa Nikanor, akajibadilisha kuwa Nikolai, kisha wakati wa vita akaacha jina lote na kuvaa sare ya Kijerumani akijiita luteni Paul Siebert katika mji wa Rovno. Aliuawa Machi 1944.

Wa tatu ni bin Dmitri, na huyu ndiye ninayempenda kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1911, mwaka mmoja na yule jasusi. Ni mhandisi. Huko Kuibyshev, ambayo leo ni Samara, yeye na wenzake, wakiwemo wahandisi wa Kijerumani waliohamishiwa huko baada ya vita, walitengeneza NK-12, injini ya ndege ya pangaboi yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutumika kazini. Herufi NK ni jina lake. Baadaye akatengeneza injini za roketi ya N1 iliyokusudiwa kuwafikisha Warusi mwezini. Roketi hiyo ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972, na mara zote nne ikaharibika. Mradi ukafutwa na ikaamriwa kila kitu kiteketezwe. Lakini alikuwa ameshaunda injini mpya zilizoboreshwa, NK-33, ambazo wakati huo zilikuwa hazijaruka, na hizo hakuziteketeza. Zilifichwa ghalani. Miaka ya 1990 Wamarekani walioneshwa, wakastaajabu, wakazinunua kadhaa, na mwaka 2013 roketi ya Antares iliondoka Virginia ikisukumwa na injini zilizofuliwa Samara miongo minne nyuma. Mwaka uliofuata roketi moja ililipuka sekunde chache baada ya kuruka, wakaacha kuzitumia. Hata hivyo ziliruka. Yeye alifariki mwaka 1995, hakuziona zikienda angani. Huyo, mwanangu, ni mhunzi kwa jina na kwa kazi.

Wa nne ni mchoraji, naye ajabu ni Nikolai bin Dmitri vilevile, ila wa mwaka 1850. Hapo hata otchestvo haisaidii. Ndiye aliyemchora Tchaikovsky mwaka 1893, miezi michache kabla ya mtunzi huyo wa muziki kufa. Binti yake Maria aliimba opera Saint Petersburg hadi Paris.

Wapo wengine. Vasili Kuznetsov nilimwona kwenye televisheni mara tatu, kwa sababu Brezhnev na waliomfuata, Andropov na Chernenko, walipofariki ndani ya miaka mitatu, yeye ndiye aliyekaimu nafasi ya mkuu wa dola kila mara. Alisomea madini na chuma, hata Pittsburgh, Marekani, alikaa. Wako akina Kuznetsov wa vikombe vya kauri, ukoo uliotokana na mhunzi wa Gzhel aliyegeukia udongo. Mzao wao Matvei akawa tajiri wa kauri kuliko wote katika Urusi ya wafalme. Na Svetlana wa tenisi unamjua mwenyewe, bingwa wa Marekani 2004 na wa Ufaransa 2009.

Lakini yupo mmoja ninayetaka umjue kwa undani. Anatoly Kuznetsov alikuwa mtoto wa miaka 12 mjini Kiev Wajerumani walipoingia. Tarehe 29 na 30 Septemba 1941, kwenye bonde la Babi Yar karibu na nyumbani kwao, waliwapiga risasi Wayahudi 33,771. Yeye alisikia bunduki. Baadaye, bado mtoto, akaanza kuandika aliyoyaona kwenye daftari. Mama yake akalikuta, akalisoma, akalia, akamwambia alitunze, siku moja liwe kitabu. Likawa kitabu mwaka 1966, ila wakaguzi wa serikali walikikatakata. Mwaka 1969 alisafiri kwenda London akiwa ameshonea ndani ya nguo zake filamu yenye picha za maandishi yake kamili, na hakurudi. Huko akatangaza kwamba vitabu vyote vilivyotoka chini ya jina la Anatoly Kuznetsov si vyake tena, kwa kuwa wengine waliviharibu. Akajiita A. Anatoli. Akafa London mwaka 1979.

Nimewaza mara nyingi juu ya mtu kuliacha jina la babu zake kwa sababu limetumika kusema uongo. Mimi nisingeweza. Lakini simlaumu, na wewe usimlaumu.

Uliuliza pia kama wapo wahunzi kwingine. Wapo kila mahali. Hata Haddad, yule ambaye Ratibu yake tunaisoma hapa msikitini, jina hilo ni mhunzi kwa Kiarabu. Na ramani yenyewe ya Urusi ina masizi. Shuka kituo cha metro cha Kuznetsky Most. Maana yake ni Daraja la Wahunzi, kwa sababu hapo jirani palikuwa na kiwanda cha mizinga cha mfalme na makazi ya wafua chuma. Daraja limefukiwa chini ya barabara, na mto Neglinnaya sasa unapita ndani ya bomba, huuoni. Mbali kule Siberia kuna Novokuznetsk, uliotokana na ngome ya mwaka 1618. Warusi waliiita Kuznetsk kwa sababu waliwakuta wenyeji, Washor, ni mafundi wa chuma hodari. Hao wasingekuwa wageni hapa Usangi.

Jumamosi ukipata nafasi nenda jumba la sanaa la Tretyakov, uliza Tchaikovsky aliyechorwa na Kuznetsov, halafu unitumie picha. Mimi nilipita mbele yake mwaka 1985 nikiwa na haraka ya kwenda chakula cha mchana, sikusimama. Na huyo mwenzako darasani mwambie baba yako anamsalimu. Mama yako anauliza kama sweta ya sufu imekufika.

Baba yako