Elodea, Egeria au Hydrilla: tazama kifundo, usitazame kichaka

Ndugu, umeuliza kama mmea wa majini wa tangi la samaki uliouziwa kwa jina la elodea ndio wenyewe, au ni Hydrilla, mmea mwingine unaofanana nao, kama alivyokuambia jirani yako. Kwa picha uliyoweka, inayoonyesha kichaka kizima nyuma ya kioo cha tangi, sidhani kama kuna atakayekujibu kwa uhakika. Chomoa shina moja, liweke kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo ili majani yajitandaze, kisha utazame vifundo vitano au sita vya katikati, yaani sehemu za shina yanakoota majani. Ncha haifai kwa kazi hii kwa sababu majani yake yamebanana, na sehemu ya chini haifai pia, maana hata Egeria densa, mmea wa tatu unaofanana na hiyo miwili, ambayo kwa kawaida huwa na majani manne au zaidi yanayokizunguka kifundo, huko chini huweza kutoa matatu tu.

Mimi mwenyewe niliwahi kujidanganya hapo hapo. Niliuziwa fungu la mashina kwa jina hilo hilo la elodea, nikahesabu majani ya kifundo kimoja, tena cha chini kabisa, nikapata matatu na kuridhika kwamba ni Elodea canadensis. Nusu niliipanda kwenye tangi la sebuleni, nusu nikaitupia kwenye birika la saruji uani. Miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa nikizoa tope la birika, vidole vyangu vilikutana na vijiviazi vigumu vyenye ukubwa wa punje ya mbaazi, vikiwa vimening'inia kwenye nyuzi nyeupe. Elodea haizai viazi, wala Egeria haizai. Hydrilla verticillata ndiyo inayozaa.

Idadi ya majani, basi, ni mwanzo tu wa uchunguzi. Elodea canadensis huwa na matatu kwa kifundo, mafupi, ya kama sentimita moja. Egeria ni mmea mnene zaidi, na majani yake mara nyingi hufika sentimita mbili au tatu. Hydrilla ndiyo msumbufu, kwa sababu huweza kuwa na matatu hadi manane, ingawa matano ndiyo ya kawaida. Ukubwa nao hubadilika kulingana na mwanga: kwenye tangi lenye giza, mmea wowote kati ya hii hurefuka na kuachanisha vifundo vyake, hata Egeria ikaonekana nyembamba kama jamaa zake.

Kinachonisaidia zaidi sasa ni ukingo wa jani. Liinue jani moja kuelekea dirishani. Meno ya Hydrilla huonekana kwa macho matupu, mfano wa msumeno mdogo, ilhali ya Egeria na Elodea huhitaji lenzi. Mimi hutumia ya kukuza mara kumi. Kisha ligeuze jani na kupitisha ukucha taratibu kwenye mshipa wa kati upande wa chini. Mara nyingi mshipa wa Hydrilla huwa na vijimwiba vinavyokwaruza, na wa Egeria ni laini. Nasema mara nyingi, kwa kuwa vijimwiba hivyo huweza kukosekana, hivyo usiiondolee Hydrilla shaka kwa kipimo hicho peke yake.

Ukikuta majani yamepangika kwa kuzunguka shina kama ngazi ya mnara, badala ya kukaa pamoja kwenye kifundo, na yamejikunja sana kuelekea chini, hiyo ni Lagarosiphon major ya kusini mwa Afrika, ambayo nayo wauzaji huiita elodea.

Jirani yako hakukosea kushuku. Egeria ni ya Amerika Kusini na Elodea canadensis ni ya Amerika Kaskazini, lakini Hydrilla huota yenyewe hata katika Ziwa Tanganyika, kwa hiyo mtu anayechuma mimea ziwani na kuiuza anaweza kuwa nayo bila kujua. Huko Florida, ambako iliingia katika miaka ya 1950 kupitia biashara ya mimea ya matangi, imeziba mito na maziwa, kwani kipande chenye kifundo kimoja tu huweza kuchipua, na viazi hukaa topeni miaka kadhaa vikiwa hai.

Kwa sababu hiyo, usimwage maji ya tangi mtaroni kabla hujajua ulicho nacho. Mashina unayoyapunguza yaanike juani hadi yakauke kabisa, na tope ulichuje kwa chekeche. Ukishapiga picha ya kifundo kimoja na ya upande wa chini wa jani, ziweke hapa tuzitazame.