Maswali na majibu: Kununua kwa jumla bila kuumia

Wiki hii barua nyingi zimeuliza jambo moja: nitanunuaje kwa jumla ili shilingi mbili tatu zibaki? Majibu mengine yamekuwa marefu kuliko nilivyokusudia, kwa sababu jambo hili liko karibu na moyo wangu.

Nilichukua beli la unga, sukari kilo 10 na mafuta lita 10 nikitarajia mwezi mzima. Siku ya kumi na tisa kabati lilikuwa tupu. Bei ya jumla ni uongo? (Mama wa watoto wanne, Umoja)

Bei si uongo, mama. Vitu vikiwa vingi, mkono hulegea. Chupa ya mafuta ikibaki robo mtu humimina kwa woga. Jerikeni likiwa limejaa anamimina tu. Chai inaongezwa kijiko, na mgeni akiaga anafungiwa unga wa kupelekea watoto. Hakuna mwizi nyumbani mwako.

Lakini pia piga hesabu. Beli ni pakiti 12 za kilo mbili, yaani kilo 24. Nyumba inayomaliza pakiti moja kwa siku mbili itafika siku ya 24, hata mjibane vipi. Kwa hiyo kabla hujarudi dukani, kaa mwezi mmoja ukiandika. Kila pakiti ikifunguliwa, tia tarehe kwenye daftari au kwenye kalenda ya ukutani. Mwisho wa mwezi utajua nyumba yako inakula nini, na mwenye duka hawezi tena kukushawishi.

Mafuta usiyaache jikoni ndani ya jerikeni. Lita 10 kwa siku 30 ni lita moja kila siku tatu. Jaza chupa ya lita moja, ikabidhi jikoni, jerikeni lilale chini ya kitanda chako. Chupa ikiisha siku ya pili, siku ya tatu mnakula cha kuchemsha. Watoto watalalamika wiki ya kwanza tu. Sukari nayo igawe kwenye mikebe minne, kila wiki na mkebe wake.

Nafanya kazi ya mjengo na nalipwa kwa siku. Siwezi kutoa elfu tatu mara moja. Hii jumla si ya watu wa mishahara? (Kijana, Kayole)

Kijana wangu, umegusa donda. Katika mji huu wa Nairobi mwenye kidogo ndiye anayelipa kingi. Tuseme sukari robo kilo unauziwa shilingi 50. Hiyo ni 200 kwa kilo. Kama kilo hiyohiyo ikitoka kwenye gunia inapatikana kwa 150, basi kila kilo umemwachia mtu 50 ambazo ungelipia nauli ya kwenda kazini. Ongeza mafuta ya kupimiwa, majani ya chai ya kumi, sabuni ya unga ya pakiti ndogo, uone. Simlaumu mwenye duka la mtaa. Yeye ndiye anayekukopesha siku mvua imezuia kazi, na kugawa gunia robo robo ni jasho. Lakini hesabu ni hiyo.

Njia ya kutoka ni watu. Tafuteni watatu wanne wa ploti moja, mnaojuana kwa kufua kwenye bomba moja. Kila mtu aweke shilingi 50 kwa siku. Mkiwa wanne, siku 15 ni shilingi 3,000. Beli likifika, kila mmoja ana pakiti tatu. Anzeni na unga kwa sababu pakiti zinahesabika na hakuna wa kusema amepunjwa.

Hapo kwenye kupunjwa niruhusu nieleze. Kikundi changu cha kwanza kilivunjika kwa sababu ya sukari. Tulikuwa watano, tukanunua gunia la kilo 50, tukagawa kwa kikombe usiku, taa ikiwa imepotea. Wa mwisho akabaki na pungufu ya karibu kilo mbili. Hakuna aliyeiba, kikombe tu kilijazwa na wa kwanza kwa kurundika na wa katikati kwa kusawazisha. Tulinuniana miezi. Jirani yule mpaka leo hupita mlangoni kwangu akiangalia upande wa pili, na mimi bado naona haya. Kwa hiyo: mizani, mchana, wote mkiwapo. Mizani ndogo ya kuning'iniza inauzwa bei nafuu, inunueni kwa pesa za kikundi. Risiti ipigwe picha na kutumwa kwenye WhatsApp kabla mzigo haujafika nyumbani. Anayeshika pesa asiwe ndiye anayekwenda kununua.

Dada yangu yuko Marekani, analipa ada ya mwaka ili anunue kwenye ghala. Kwetu kuna kitu kama hicho? (Msomaji, South B)

Maduka hayo yalianza na Sol Price, mfanyabiashara Mmarekani aliyefungua duka la Price Club San Diego mwaka 1976, kwanza kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Costco, duka jingine la aina hiyo, ilifunguliwa Seattle mwaka 1983, na mwaka 1993 kampuni hizo mbili zikaungana. Siri yao ni kwamba hawaweki bidhaa za kila aina. Wana takriban aina 4,000 tu, ilhali supamaketi kubwa huwa na makumi ya maelfu. Bei inakaa chini kwa sababu faida yao kubwa hutoka kwenye ada.

Costco haina duka Kenya, lakini Nairobi ina maduka ya jumla yasiyodai ada wala kadi. Usichojua ni kwamba wengi wa wenye maduka hayo watakuuzia hata wewe usiye na duka, mradi uchukue beli au katoni nzima. Uliza tu, tena kwa heshima, asubuhi kabla foleni ya wenye mikokoteni haijajaa.

Nataka gunia la mahindi na la maharagwe, bei ikiwa chini baada ya mavuno. Nina chumba kimoja. (Baba, Githurai)

Maharagwe, sawa. Mahindi, naomba usinunue gunia zima.

Sisemi hivyo kwa sababu ya fukusi. Mahindi yasiyokauka vizuri, yakiwekwa kwenye chumba chenye unyevu, huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Walikuwa wamekula chakula cha nyumbani, mahindi yao wenyewe. Kupika hakuiondoi, hata ukichemsha githeri kutwa nzima. Sumu yenyewe huioni wala huisikii harufu. Unachoweza kuona ni punje zilizobadilika rangi, zilizopasuka au zenye ukungu. Hizo tupa, usimpe kuku wala ng'ombe, kwa sababu sumu huwadhuru nao na hupita hadi kwenye maziwa.

Chumba kimoja mnamopikia, mnamoanikia nguo siku za mvua na kulala watu watano kina mvuke mwingi mno kwa gunia la kilo 90. Nunua ya mwezi mmoja, kwa mkebe wa gorogoro kama ni lazima, uyaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukitaka kuweka zaidi, tafuta ile mifuko ya tabaka kadhaa isiyopitisha hewa ambayo wakulima hutumia. Wadudu hukosa pumzi na kufa bila dawa. Lakini mfuko huo haukaushi mahindi mabichi, kwa hiyo yawe makavu kwanza. Maharagwe nayo yatafaidika na mfuko huohuo.

Kwenye supamaketi pakiti kubwa huwa nafuu siku zote? (Mwanafunzi, Kahawa Wendani)

La. Gawa bei kwa gramu, simu unayo. Sabuni ya unga ya nusu kilo ikiwa 140 na ya kilo 300, chukua mbili ndogo. Katoni ikiwekwa bei ya kutupa, soma tarehe ya mwisho kabla ya kushangilia. Na bidhaa usiyoijua, angalia alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Chini yake kuna nambari ya kibali, ambayo unaweza kuihakiki kwa ujumbe kwenda 20023.

Niende wapi, na nirudije na mzigo? (Dada, Kangemi)

Nafaka, Nyamakima. Sufuria, ndoo na makarai, Kamukunji. Mboga, Marikiti alfajiri, ila kreti zima la nyanya liache kwa mama mboga, kwani nyumba ya watu watano haiwezi kulimaliza kabla halijaoza. Nauli, mbeba mizigo na boda ya kutoka steji, vyote viingize kwenye bei. Kama vimekula ulichookoa, nunua karibu na kwako bila aibu yoyote.

Nianze na kitu kimoja tu. Kipi? (Mama, Kawangware)

Sabuni ya mche. Haiozi, haina wadudu, wageni hawaili. Nunua katoni, kata miche vipande, uvipange juu ya kabati kwa nafasi ili hewa ipite. Viache wiki kadhaa. Sabuni iliyokauka haiyeyuki ovyo kwenye beseni, kwa hiyo unapata faida mara mbili, kwenye bei na kwenye kufua. Kipande kilicho mkononi kiweke kwenye kisahani chenye matundu, kisikae majini.