Maswali na Majibu: Je, Samaki Ndiye Aliyempa Binadamu Akili?

SWALI: Daktari, hongera kwa kazi. Binti yangu yuko kidato cha nne na mtihani umekaribia. Kuna jamaa hapa Kondele anauza chupa ya mafuta ya samaki pamoja na unga wa "kufungua akili", vyote viwili shilingi 2,500. Anasema binadamu alipata akili kwa kula samaki kando ya ziwa letu, na kwamba hadi leo tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo. Naomba kujua: kwa nini hasa binadamu akawa na akili kuliko wanyama wengine wote, ilhali hata nyani anakula kila kitu? Na je, huyu jamaa anasema kweli? (Mzazi, Kisumu)

JIBU: Ndugu yangu, nianze na ziwa maana hilo ni jepesi. Ziwa Victoria lina umri wa takriban miaka 400,000. Yule kijana wa Nariokotome, mtu wa kale ambaye mifupa yake ilipatikana magharibi mwa Ziwa Turkana na ambaye kipande cha fuvu lake kilionwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, aliishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na ubongo wake ulikuwa wa sentimita za ujazo 880 hivi, mara mbili ya ule wa sokwe. Ziwa lenu lilikuwa halijazaliwa. Isitoshe, lilikauka yapata miaka 17,000 iliyopita, na hatujaona popote kwamba watu waligeuka mazuzu.

Hiyo asilimia 10 nayo tuizike. Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.3 hadi 1.4, kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nishati yote ambayo mwili hutumia ukiwa umetulia. Kiungo cha gharama namna hiyo kingekuwa kimelala sehemu tisa kwa kumi, uteuzi wa asili, yaani ile hali ya maumbile yanayomfaa kiumbe kurithishwa zaidi na yanayomgharimu bure kupungua, ungeshakipunguza zamani. Picha za ubongo ukiwa kazini hazionyeshi chumba kisichotumika, na kiharusi kidogo tu kinatosha kumnyang'anya mtu usemi au mkono mmoja.

Sasa swali lenyewe. Kosa ninalokutana nalo kila mara, kwa wauzaji na hata kwa watu waliosoma, ni kudhani kwamba chakula ndicho kilichojenga akili: wazee wa kale walikula samaki au nyama, ubongo ukanenepa, wakazaa watoto wenye ubongo mnene. Urithi hauendi hivyo. Mlishe ng'ombe wa kienyeji chakula cha gunia Januari hadi Desemba. Maziwa yataongezeka kidogo, lakini ndama wake hatazaliwa wa gredi. Ng'ombe wa gredi alipatikana kwa wafugaji kuchagua yupi azae na yupi asizae, kizazi baada ya kizazi. Chakula kingi kinahitajika ili atoe yale maziwa, ila si chakula kilichoyaweka katika damu yake.

Kwa binadamu mfugaji hakuwepo. Walikuwepo watu waliotofautiana kidogo tangu kuzaliwa, na wale ambao watoto wao wengi zaidi walifika utu uzima ndio walioacha nakala nyingi zaidi za jeni zao. Tofauti zenyewe huanza kwa nasibu. Jeni linaloitwa NOTCH2NL, kwa mfano, lilitokana na kipande cha urithi kunakiliwa kimakosa. Kazi yake ni kuziacha seli changa za ubongo wa kichanga tumboni ziendelee kugawanyika kabla hazijageuka seli za neva. Sokwe hana nakala yake inayofanya kazi. Hakuna aliyeipata nakala hiyo kwenye sahani.

Kwa hiyo kuna maswali mawili ya kuulizwa, na jamaa wa Kondele ameyachanganya: ubongo mkubwa ulileta faida gani, na gharama yake ililipwa vipi?

Watu hupenda faida na kusahau gharama, na hapo ndipo lilipo jibu la nyani wako. Mwaka 2013 watafiti wa Sweden walitangaza matokeo ya kuwachagua samaki wadogo aina ya gapi kwa ukubwa wa ubongo. Baada ya vizazi viwili tu, kundi la ubongo mkubwa lilikuwa limelizidi lile la ubongo mdogo kwa asilimia 9 hivi, na majike wake walifanya vizuri zaidi katika jaribio la kutofautisha idadi. Lakini utumbo wao ulikuwa mdogo zaidi na walizaa watoto wachache. Kwa mtoto wa binadamu bili ni kubwa zaidi: akifika miaka mitano hivi, ubongo wake unameza karibu theluthi mbili ya nishati ya mwili uliotulia, na ni wakati huohuo urefu na uzito wake huongezeka polepole kupita kiasi ukilinganisha na wanyama wengine. Ongeza kichwa kinachopita kwa taabu kwenye nyonga ya mama, kisha miaka mingi ya kulishwa na wengine. Kwa viumbe wengi biashara hiyo ni hasara tupu. Nyani wa Ziwa Nakuru hajaachwa nyuma katika mbio zozote. Ubongo alio nao unamtosha kwa kipato chake. Hata ndani ya ukoo wetu ubongo haukupanda tu: kule Flores, Indonesia, waliishi watu wadogo ambao ubongo wao ulikuwa wa sentimita za ujazo 400 na kidogo, na walikuwepo wakati ambapo watu kama sisi tayari walikuwa duniani.

Gharama hiyo ililipwaje? Hapa chakula kinaingia, kama mlipaji. Ushahidi mwingine uko ng'ambo ya ghuba kutoka kwako, kwenye rasi ya Homa. Nyayanga kuna zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na 3 zikiwa pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Kanjera, ya miaka milioni 2, kuna mifupa ya swala waliochunwa na mawe yaliyobebwa zaidi ya kilomita 10. Nyama, uboho, mizizi iliyopondwa, na baadaye moto wa kupikia, vilileta nishati nyingi kwa kutafuna kidogo. Leslie Aiello na Peter Wheeler walipendekeza mwaka 1995 kwamba utumbo uliopungua ndio uliouachia ubongo nafasi ya kukua. Mimi naona nusu nyingine ya malipo ilikuwa watu: katika jamii za wawindaji na wachumaji, mtoto hula kuliko anacholeta hadi anapokaribia miaka 20, na pengo hilo hujazwa na baba, shangazi na nyanya.

Na samaki? Waliliwa. Karibu na Ziwa Turkana kuna mifupa ya samaki, kasa na mamba yenye alama za visu vya mawe, ya miaka milioni 1.95. Lakini turudi Nyayanga: palepale penye zana yalipatikana magego mawili ya Paranthropus, jamaa yetu mwenye taya kubwa na ubongo mdogo. Mazingira yaleyale, maji yaleyale, huenda hata zana zilikuwa zake. Ukoo wake ulitoweka bila kupata ubongo kama wetu. Chakula kikiwepo, bado lazima kuwe na kitu kinachoufanya ubongo mkubwa uzae matunda.

Wapo wanaotaja hali ya hewa ya Bonde la Ufa iliyogeukageuka kati ya ukame na mvua, wapo wanaotaja ugumu wa kuishi katika makundi makubwa yenye urafiki na hila. Vyote vina uzito. Kilichovuta mzigo mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kujifunza kutoka kwa wenzetu. Nenda Kariandusi, karibu na Gilgil, uyatazame mashoka ya mkono, yaani mawe yaliyochongwa makali na watu wa kale. Kulitengeneza moja lazima ugonge pande zote mbili kwa mpangilio, na kila mara utafute ukingo wenye pembe isiyofika nyuzi 90. Pembe ikizidi, kipande cha jiwe hakibanduki. Ukigonga ndani mno, jiwe linapasuka katikati na kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Ufundi huo haugunduliwi upya na kila mtoto, anaonyeshwa. Palipokuwa na mengi ya kuonyeshwa, mwenye kichwa cha kuyashika alikula vizuri, na utoto mrefu ukawa na faida. Utoto ukirefuka, ya kujifunza yanaongezeka. Mzunguko huo ulichukua zaidi ya miaka milioni mbili. Haununuliwi kwa chupa wiki sita kabla ya mtihani.

Mwaka 2006, huko Durham, Uingereza, wanafunzi wapatao 5,000 wa darasa la mtihani walipangiwa vidonge vya mafuta ya samaki bila kundi la kulinganisha, na wengi wakaacha kumeza njiani. "Jaribio" kama hilo halithibitishi lolote, lakini ndilo wauzaji hupenda, kwa sababu haliwezi kuwaumbua. Mtu akianza na "wazee wetu wa kale walikula" kisha akamaliza na bei, funga mfuko.

Kisha kuna ule utani wa ndani ya matatu kwamba Wajaluo wana akili kwa sababu ya samaki. Kama utani, sawa, tucheke. Tatizo ni kwamba siku hizi unauzwa kama sayansi, na wengine wanaugeuza kupanga makabila kwa ngazi za akili. Sehemu kubwa sana ya tofauti za jeni za binadamu iko kati ya mtu na jirani yake wa ukoo uleule, na waliopima mafuvu ili kupanga mataifa walishaaibishwa kitambo.

Kuhusu binti yako: ubongo hufikia asilimia 90 hivi ya ukubwa wake mtoto akiwa na miaka mitano au sita, basi hakuna cha kuunenepesha sasa. Samaki ale kama chakula. Omena nzimanzima, pamoja na kichwa, ina madini na mafuta mazuri kwa bei ambayo chupa haiwezi kushindana nayo. Chumvi iwe yenye iodini, ikae kwenye chombo kilichofunikwa mbali na jiko, kwa maana unyevu na joto huiondoa iodini. Alale kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Huo unga usio na orodha ya viambato wala nambari ya usajili asiuguse. Na kama anachoka upesi, anahema akipanda ngazi, au viganja na ndani ya kope vimepauka, mpeleke kituo cha afya apimwe himoglobini. Ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita ana upungufu wa damu. Kisumu, kwa malaria na minyoo ya safura, hilo si jambo la nadra, linaharibu usikivu darasani, na lina matibabu. Mwambie mhudumu atafute chanzo kwanza kabla ya kumpa vidonge vya madini ya chuma.