Kasoro ya kifaa cha uchawi: uliza kilichoondolewa kimekwenda wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini wachezaji wako wakipata kifaa cha uchawi chenye kasoro wanakipiga bei kwenye mji wa kwanza wanaoukuta. Nina mwaka wa saba naendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao mmoja anasimulia hadithi na wengine wanaigiza wahusika wakirusha dadu, sebuleni kwangu kila Jumamosi, na kosa hilo nimelifanya kuliko wewe.

Upanga wangu wa kwanza ulikuwa mtego mtupu. Una rubi kwenye mpini, unang'aa, ila ukiushika tu umekwisha: haubanduki mkononi, na kila ukirusha dadu ya pande 20 unakatwa 2. Aliyeuokota alihangaika vikao viwili kumtafuta kasisi wa kumwondolea laana. Nilijiona fundi. Basi miezi mitatu mizima hakuna aliyegusa kitu. Wakikuta sanduku, wanalichokoa kwa upondo. Wakikuta kikombe mezani, wanamsukuma mateka mbele akionje.

Kanuni nazo zinachangia. Katika toleo la 5 la mwaka 2014, hata uchawi wa kutambua vifaa kwa kawaida hauonyeshi laana. Halafu kuna lile shoka la wazimu: adui akikujeruhi unarusha dadu ya hekima, usipofikisha 15 unamshambulia aliye karibu nawe zaidi, hata kama ni mwenzako. Mezani kwangu lilileta ugomvi wa kweli, maana mchezaji anabaki kumtazama mhusika wake akiendeshwa na shoka. Sikulirudia.

Lakini toleo hilo hilo lina ngao inayovuta mishale. Mwenye nayo anapata nusu tu ya madhara ya mishale, ila mtu aliye ndani ya futi 10 akilengwa, mshale unageuka na kumfuata mwenye ngao. Kitabuni ni laana. Mpe beki wa kundi lako uone kama ataiuza.

Aliyenifungua macho, usicheke, ni friji. Mbele inapoza soda, nyuma inachoma ukuta. Joto halikufa, limehamishwa tu. Tangu hapo kila kifaa nakiuliza: hiki unachokiondoa, unakipeleka wapi?

Ndiyo yakazaliwa makubazi yanayomeza sauti ya nyayo. Mwizi wa kundi anapita juu ya majani makavu, kimya. Siku akiyavua, sauti zote zilizomezwa zinatoka kwa mpigo. Sikuficha, mzee aliyemuuzia alimweleza yote na bei akampunguzia. Basi jamaa akawa anahesabu. Ametembea nusu saa, anakwenda kuyavulia porini huku ameziba masikio. Kisha ikaja safari ya siku nne ndani ya mahandaki, pa kuyavulia hakuna. Analala nayo. Wenzake wanamkalia mbali kama mtu aliyebeba dumu la petroli.

Usiku wa nne wakatokea chini ya ngome. Walinzi 40, nami nimeandaa pambano la kufa mtu. Jamaa akauliza kwa upole, "Nikilivua moja nikalirusha dirishani, sauti inatokea mkononi mwangu au likishatua?" Nikanyamaza. Hilo sikuwa nimeliwaza. Nikasema likishatua. Siku nne za hatua zikalia ndani ya bweni la walinzi. Wakadhani jeshi zima limeingia, wakakimbilia lango la nyuma. Pambano langu la saa mbili likaisha kwa dakika tano. La kushoto bado analo mguuni, limejaa.

Kuhusu hesabu: mhusika anaruhusiwa kufungamana (kujiunga kichawi ili nguvu za kifaa zimfanyie kazi) na vifaa 3 tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo chenye kasoro kinagombea nafasi na vizima. Kipe nguvu kuliko ngazi yao. Wakiwa ngazi ya 3, wape kitu ambacho ungewapa wakifika ya 6 au 7, kasoro ndiyo iwe bei yake. Kasoro ya kupunguza namba peke yake usihangaike nayo. Wanaiandika pembeni ya karatasi na kuisahau.

Jumamosi hii nawapa mwavuli. Ukiufungua, mvua haikugusi, wala mishale, wala moto wa joka. Vinakoishia sijaamua bado. Roho moja inaniambia vinadondoka juu ya paa la fundi aliyeutengeneza, na ameshatoka nyumbani kuutafuta.