Mtoa mada, hiyo mashine iache: uvimbe upimwe kwanza

Mkuu, soma hapa kabla hujatuma hiyo pesa. Umesema mama ana uvimbe kwenye titi, na kuna jamaa hapo Mafinga kakwambia mwili wake una asidi, asidi inazuia seli kukarabati DNA (vinasaba vyake), kwa hiyo aanze na mashine ya maji ya alkalini, yaani yaliyo kinyume cha asidi, hospitali baadaye. Hiyo "hospitali baadaye" ndiyo iliyotuchoma sisi.

Mama mdogo alianza kutokwa damu wakati hedhi ilishakoma zamani. Tukaletewa "mtaalamu" mpaka nyumbani Uyole, kapiga suti, kabeba vichupa vya rangi. Akadondosha tone kwenye maji ya bomba, yakawa njano. Akadondosha kwenye maji ya mashine, yakawa zambarau. "Hiyo njano ndiyo iliyomo ndani yenu." Sebule nzima kimya. Ng'ombe akauzwa, hela ya viazi vya msimu ikafuata. Mama mdogo akanywa, damu ikaendelea, na kila tukimpigia bwana yule anajibu, "Sumu inatoka hiyo, msiogope." Sumu! Tulipofika Rufaa Mbeya wakakata kinyama wakapima: saratani ya mlango wa kizazi, na imeshasambaa kiasi kwamba upasuaji hauwezekani tena. Tukashuka Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwa mionzi. Saratani hiyo chanzo chake ni kirusi cha HPV, maji ya bomba hayahusiki kabisa. Mtaalamu hapatikani hewani hadi leo. Mashine ipo, maji yake tunapikia chai, chai ya gharama kuliko zote Uyole.

Kinachoniuma zaidi, tapeli yule alishika kaukweli akakageuza kichwa chini. Seli za saratani hula sukari kwa pupa na kutoa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo. Otto Warburg aliliona hilo miaka ya 1920. Asidi hiyo husukumwa nje ya seli, ndiyo maana pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi) kuzunguka uvimbe inaweza kushuka hadi karibu 6.5, wakati damu iko 7.35 hadi 7.45. Na ni kweli, maabara seli zikiwekwa kwenye asidi ya namna hiyo ukarabati wa DNA unalegea na makosa yanaongezeka. Lakini asidi hiyo anaitengeneza uvimbe mwenyewe, palepale alipo! Maji yako yakishuka tumboni yanakutana na asidi kali mno, pH 1.5 hadi 3.5, na chochote kikipenya, mapafu na figo vinairudisha damu pale pale. Atakuletea karatasi ya kupimia mkojo, ibadilike rangi, mshangilie. Mkojo si damu. Na akikwambia umnyweshe mama magadi soda kila siku, mfukuze. Hayo yakizidi yanavuruga chumvi za damu.

Uvimbe, au damu isiyoeleweka: kinyama kipimwe KWANZA. Vimbe nyingi za titi wala si saratani, huenda mkacheka wiki ijayo. Ila bila kipimo hakuna anayejua, si mimi, si huyo wa vichupa.

Umeuliza pia ya ndimu na nyama nyekundu, hayo watakujibu wengine. Mimi niambie moja tu: mama anapelekwa lini?